Taa za Betri Katika Mashua: Fyuzi Ndiyo Mlinzi



Wavuvi wa dagaa wa Kilwa Masoko hufanya kazi usiku. Hungoja giza la mwezi, huwasha taa juu ya maji, na dagaa huja kwenye mwanga. Zamani taa hiyo ilikuwa karabai. Siku hizi mashua nyingi hutumia taa za betri. Taa hizi hazizimwi na upepo, wala hazina haja ya mafuta ya taa.

Lakini taa ya betri ikifungwa vibaya, inaweza kuunguza mashua. Na moto wa baharini si kama moto wa nyumbani. Huna pa kukimbilia.

JE, BETRI NDOGO INAWEZA KULETA MOTO?

Wengine husema, "Aa, hiyo ni volti 12 tu, haina neno." Ni kweli, volti 12 hazimrushi mtu kama umeme wa nyumbani. Lakini kutorushwa si sawa na kutoungua.

Tuchukue mfano. Mashua ina taa 4, kila moja wati 10. Jumla ni wati 40. Gawa wati 40 kwa volti 12. Utapata ampea 3 na kitu. Huo ndio umeme unaopita katika waya, na ni mdogo.

Sasa waya wa chanya na waya wa hasi zikichubuka na kugusana kabla ya kufika kwenye taa, umeme hupata njia ya mkato. Betri ya gari inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mara moja. Waya mwembamba utakuwa mwekundu kama kaa la moto kwa muda mfupi tu. Ukiwa karibu na dumu la petroli, mnajua wenyewe kitakachotokea.

FYUZI HUFANYA KAZI GANI?

Fyuzi ni kipande kidogo cha waya kilichokusudiwa kukatika. Umeme ukizidi kipimo chake, inakatika yenyewe na njia ya umeme inafungwa. Fyuzi inakufa ili mashua ipone.

Kwa taa zetu 4, fyuzi ya ampea 5 inatosha. Ifunge kwenye waya wa chanya, karibu na betri, isizidi shibiri moja. Kwa nini karibu? Kwa sababu kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Ukiweka fyuzi kule mbele kwenye taa, waya wote wa nyuma umebaki bila ulinzi.

Fyuzi ikikatika, usiifunge kwa waya wa shaba wala kwa karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Kufanya hivyo ni kumfukuza mlinzi na kumwachia mwizi mlango. Tafuta waya ulipogusana, tengeneza, kisha weka fyuzi nyingine ya kipimo kile kile. Nunua za akiba, bei yake ni ndogo.

NAMNA YA KUFUNGA

1. Kabla ya kuanza, ondoa waya wa hasi kwenye betri. Ukimaliza kazi, urudishe mwisho.

2. Weka betri ndani ya sanduku, mbali na petroli na mbali na maji ya ngama. Ifunge kwa kamba isicheze mawimbi yakija. Sanduku liwe na matundu ya hewa kwa juu. Betri ikichajiwa hutoa hewa inayolipuka, kwa hiyo usiwashe kiberiti wala sigara karibu yake. Maji ya bahari yakiingia ndani ya betri yenye asidi, hutoka hewa ya sumu.

3. Tumia waya wa shaba wenye nyuzi nyingi, wa milimita mraba 2 na nusu. Waya mgumu wenye uzi mmoja hukatika kwa mtikisiko.

4. Peleka nyaya 2 kwa taa, chanya na hasi. Katika bajaji au gari, bodi ya chuma ndiyo hurudisha umeme. Mashua ni ya mbao, haiwezi kufanya hivyo.

5. Pitisha nyaya juu, pembeni mwa mashua, na uzibane kila baada ya shibiri mbili. Zisikanyagwe, wala zisisuguliwe na nyavu au kamba ya nanga.

6. Maungio ya kusokota kwa mkono hayafai. Chumvi huingia na kuleta kutu ya kijani, kisha maungio yanapata moto. Mwite fundi alehemu, halafu yafunikwe vizuri na tepu ya umeme. Vichwa vya betri vipakwe grisi.

7. Kama mna betri 2 zilizounganishwa kupata volti 24, msichukue volti 12 kutoka betri moja tu. Hiyo moja itachoka mapema na kuharibika, na nyingine itachajiwa kupita kiasi. Nunueni taa za volti 24.

BETRI ITADUMU SAA NGAPI?

Betri ya ampea-saa 70 isitumiwe kupita nusu, yaani 35. Kwa taa zetu 4 ni kama saa 10. Ukiimaliza kabisa kila usiku, itakufa upesi.

TAA YA KUVUA SI TAA YA KUONEKANA

Mwaka 2023 liliwekwa jiwe la msingi la bandari ya uvuvi hapa Masoko. Vyombo vinavyopita usiku vitazidi, mbali na vile viendavyo Songo Songo. Sheria za kimataifa za mwaka 1972 za kuzuia vyombo kugongana zinataka chombo kionekane. Ukitazama omo, taa ya kijani iwe kulia, nyekundu kushoto, na nyeupe tezi. Mtumbwi wa makasia uwe angalau na tochi, iwashwe mapema chombo kikikaribia.

MOTO UKITOKEA

Zima taa na ng'oa waya wa betri kwanza. Kisha tumia mchanga au kizima moto cha unga. Petroli ikiwaka, usimwagie maji, kwani yataueneza moto. Asidi ikimrukia mtu, hasa machoni, mwoshe kwa maji mengi baridi na mpeleke hospitali.

Wavuvi, mbalamwezi ikifika mashua nyingi hupumzika. Hizo ndizo siku za kukagua nyaya. Nahodha na mabaharia wake wakae pamoja, wafungue sanduku, waitazame fyuzi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini fyuzi hufungwa karibu na betri?
2. Taa 6 za wati 10 kwa betri ya volti 12 zinatumia ampea ngapi?
3. Katika mashua yenu, petroli iko umbali gani kutoka betri?