VIDONGE VYA LANGONI NA GANZI YA MIGUU



Siku ya mshahara langoni hujaa wenye kutudai na wenye kutuuzia. Miongoni mwao wamo wauza vidonge. Husema vidonge vyao vina antioksidanti, na ya kuwa mwenye kisukari akivimeza, ganzi na moto wa miguuni vitakwisha. Chupa moja yaweza kumeza ujira wa siku kadhaa. Basi yafaa tujue ukweli kabla ya kutoa fedha.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu pamoja na vishipa vidogo vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu huumia mbele, ndiyo maana ubaya huanzia vidole vya miguu. Mmoja husikia miguu inamwaka usiku kama imepakwa pilipili. Mwingine hasikii kitu, na huyo ndiye aliye hatarini zaidi. Msumari hupenya soli asijue mpaka aone damu. Kidonda kikioza, mguu hukatwa, na kazi huenda pamoja nao.

Pili, vidonge. Wataalamu waligundua ya kuwa sukari nyingi huzalisha mwilini vitu vikali vinavyoila mishipa kama kutu ilavyo panga lililoachwa nje. Antioksidanti ni kitu cha kuzuia kutu hiyo. Inayosifiwa sana kwa ganzi ni asidi ya alfa-lipoiki, iliyopatikana ikiwa safi mwaka 1951 kutoka maini ya ng'ombe huko Marekani. Ujerumani imeitumia miaka mingi. Mwaka 1995 ilitangazwa huko kuwa wagonjwa waliotiwa dawa hiyo mshipani kwa wiki 3 walipata nafuu ya maumivu.

Lakini kutiwa dawa mshipani hospitalini si sawa na kumeza kidonge nyumbani. Katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2011, wagonjwa 460 waliangaliwa kwa miaka 4. Baadhi walimeza miligramu 600 kila siku, wengine vidonge vitupu visivyo na dawa. Baadhi ya dalili zilipungua kidogo, lakini kwa kipimo kikuu kilichowekwa tangu mwanzo haikuonekana tofauti ya kutegemewa. Mwaka 2024 wataalamu wa Cochrane walijumlisha chunguzi 3 za watu 816. Wakaona kuwa baada ya miezi 6 yamkini vidonge hivyo havipunguzi dalili, au hupunguza kidogo mno.

Mwenzetu atasema: kama havifai, basi havidhuru. Sivyo. Huko Ufini wanaume wavutaji sigara 29,133 waliingizwa katika uchunguzi wa beta-karotini na vitamini E. Matokeo yalipotoka mwaka 1994, waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasioimeza. Ndugu mvutaji na asikie hayo.

Tatu, kinachofaa. Mwaka 1993 uchunguzi wa Marekani na Kanada ulionyesha ya kuwa, kwa wagonjwa wanaotegemea insulini, kuidhibiti sukari kwa bidii kulipunguza ugonjwa wa mishipa ya fahamu kwa asilimia 60. Kwa hiyo asiache mtu dawa yake ya hospitali kwa ajili ya chupa ya langoni. Anayemeza metformini kwa miaka amwombe daktari apime vitamini B12, maana dawa hiyo huweza kuipunguza, na upungufu wake nao huleta ganzi.

Tazama nyayo zako kila jioni, na katikati ya vidole. Kung'uta buti kabla ya kulivaa. Maji ya moto yapime kwa kiwiko, si kwa mguu. Usitembee peku, hata uani. Kidonda kidogo kisichouma kipeleke zahanati siku ile ile.

Mwisho, kazi ya chama. Miguu ya mfanyakazi haiwezi kulindwa na mfanyakazi peke yake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kuwa hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Basi kila tawi lidai mambo manne: buti zinazomtosha kila mtu kwa namba yake, bila kukatwa mshahara; kipimo cha sukari katika zahanati ya kampuni; ruhusa ya kwenda kliniki bila kupoteza siku; na mwenye ganzi asipangwe na nyapara kwenye tanuri wala palipo na vyuma vikali, bali apewe kazi nyingine kwa ujira ule ule.

Muuza vidonge hatakuwapo siku mguu unapokatwa. Wenzako wa tawi watakuwapo. Wapelekee habari ya ganzi yako mapema, wakusemee ungali na miguu miwili.