Mzigo wa Binti Anayesomea Uuguzi

Katika makanisa yetu mengi yuko kijana aliyefanyiwa harambee ili aende chuo cha uuguzi. Tulichanga, tukamwombea, tukampungia mkono. Tangu hapo tumemwuliza nini, ila atamaliza lini?

Leo nasema juu ya ugonjwa wa huzuni, ambao wataalamu huuita sonona. Si ile huzuni ya siku moja baada ya kuanguka mtihani. Ni moyo kuwa mzito karibu kila siku kwa majuma mawili au zaidi, au kukosa furaha hata katika mambo uliyoyapenda. Usingizi hupotea au huzidi, chakula hakina ladha, na mtu hujiona hana thamani. Mwaka 2018 watafiti walikusanya pamoja tafiti 27 kutoka nchi mbalimbali, zenye wanafunzi wa uuguzi 8,918. Asilimia 34 walikuwa na dalili za sonona. Hayo ni majibu ya maswali yaliyoandikwa, si uamuzi wa daktari, lakini ni kama mmoja kwa kila watatu. Wenye umri mdogo ndio waliozidi.

Kwa nini wao? Basi, fikirini. Msichana wa miaka 19 aweza kuosha maiti ya mtoto aliyempa dawa asubuhi, na saa nane anatakiwa darasani. Mara nyingi hakuna anayemketisha na kumwuliza ameonaje. Anaogopa kukosea dawa, maana kosa lake si alama nyekundu kwenye karatasi. Sista akimkemea mbele ya wagonjwa, neno lile humfuata mpaka bwenini. Zamu za usiku humvurugia usingizi, na kukosa usingizi siku nyingi hufungua mlango wa sonona. Aliyewahi kuugua hapo nyuma, au ambaye mzazi wake aliugua, yumo hatarini zaidi, na wanawake hupatwa kuliko wanaume.

Liko jambo jingine, nalo linatugusa sisi wenyewe. Kozi ya diploma ni kama miaka mitatu, na karo haingoji. Binti akitaka kusema, "Nimechoka, siwezi," anakumbuka ile orodha ya harambee: mama aliyeuza kuku wake, mzee aliyetoa nauli yake ya hospitali. Deni la namna hii halina risiti, wala hajui litalipwa lini. Kwa hiyo hunyamaza, na kunyamaza humzidishia ugonjwa.

Wengine hunyamaza kwa sababu tumewafundisha kwamba aliyeokoka hashuki moyo. Sijui tulisoma wapi. Nabii Eliya alitoka katika ushindi wa Karmeli akaomba afe, naye hakukemewa kwanza, bali alipewa usingizi na mkate.

Basi akija likizo nanyi mkamwona amekonda na kujitenga, mwulizeni wazi, hata kama ni kumwuliza kama amefikiri kujiua. Swali hilo halimpandii mtu wazo hilo. Mara nyingi humfungua kinywa. Asiogope polisi pia, maana Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba sheria ya kumwadhibu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Kisha fuataneni naye hospitalini. Sonona hutibika kwa mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, na kwa wengine pamoja na dawa anazoandika daktari. Akihitaji kupumzika muhula mmoja, mwambieni mapema kwamba mchango wetu haukupotea.

Nanyi wazee wa kanisa, mkipeleka karo ya muhula ujao, tengeni na nauli ya watu wawili wa kwenda kumtembelea. Ulizeni kwanza siku ambayo hana zamu, msije mkamkuta amelala.