Umeumia Kazini? Usiondoke Bila Karatasi

Watu wengi wa Kilwa na Lindi hufanya kazi za kuajiriwa. Wapo wanaokusanya chumvi. Wapo wanaopakia magunia ya korosho ghalani. Wapo wanaochimba jasi. Kazi hizi huumiza. Gunia huangukia mguu, mashine hukata kidole, jiwe huruka likaingia jichoni.

Mara nyingi mwenye kazi hutoa fedha kidogo za dawa, na maneno huishia hapo. Miezi ikipita, mkono haukunji tena. Kazi imepotea, watoto wanataka kula, na mtu hana pa kushika.

Leo tutaeleza fidia ya mtu aliyeumia kazini, jinsi ya kuiomba, na la kufanya ukikataliwa.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2008 ilitungwa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, ambayo ni Sheria Namba 20. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015. Waajiri wa Tanzania Bara wanatakiwa kujiandikisha na kuuchangia. Mchango huo hulipwa na mwajiri. Haukatwi katika mshahara wako.

Wengine husema, "Mimi ni kibarua tu, sina mkataba." Hilo lisikukatishe tamaa. Hata mapatano ya mdomo ni mkataba. Hata anayelipwa kwa hesabu ya kazi aliyoifanya ni mfanyakazi. Tena huna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri ana makosa. Jambo kubwa ni kuonyesha kwamba uliumia, au uliugua, kwa sababu ya kazi hiyo.

Unaweza kupata nini?

Mfuko hugharamia matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya mshahara, yaani shilingi 70 kwa kila shilingi 100. Malipo haya hayazidi miezi 24.

Ukibaki na ulemavu wa kudumu, daktari hupima kiasi chake. Ulemavu usiozidi asilimia 30 hulipwa mara moja. Ukizidi asilimia 30, hulipwa pensheni kila mwezi. Mfanyakazi akifa, wategemezi wake nao wana haki yao.

Fanya hivi

1. Mwambie mwajiri au msimamizi siku ile ile. Waombe waliokuwapo wakumbuke saa na mahali. Mwajiri anatakiwa kuupa Mfuko taarifa ndani ya siku 7.

2. Nenda zahanati au hospitali mapema. Wengi wetu huanzia kwa fundi wa kuunga mifupa. Lakini fundi haandiki. Baada ya miezi mitatu, hakuna anayeweza kuonyesha kwamba mfupa ulivunjika lini, wala wapi.

3. Mweleze mhudumu ukweli wote. Usiseme tu, "Mkono unauma." Sema, "Niliumia jana asubuhi ghalani, nikipakia magunia." Sisi wahudumu huandika tunachoambiwa na tunachokiona. Usiposema uliumia kazini, cheti hakitasema hivyo. Usikubali kusema uliangukia nyumbani ili kumsitiri mwajiri. Maneno hayo yatakurudia siku ya kudai.

4. Rudi kliniki mpaka daktari aseme matibabu yamekwisha. Ulemavu wa kudumu hupimwa hali ikiwa imetulia. Anayeacha matibabu njiani hukosa taarifa ya mwisho ya daktari, na dai lake hukwama.

5. Weka karatasi zote mahali pamoja: cheti cha hospitali, stakabadhi za dawa, na chochote kinachoonyesha malipo ya kazi. Zitie katika mfuko wa nailoni zisilowe. Ukitakiwa kutoa karatasi, toa nakala. Ile yenyewe ibaki kwako.

6. Usichelewe. Taarifa ya ajali inatakiwa ifike kwenye Mfuko ndani ya miezi 12. Mwajiri akikaa kimya, usikae kimya nawe. Nenda kwa Afisa Kazi wa mkoa, Lindi mjini, au wasiliana na Mfuko wenyewe. Kuomba fidia hakulipiwi. Atakayekudai fedha ili "akupitishie" karatasi, mkatae.

Ukikataliwa, au ukipewa kidogo

Barua ya kukataliwa si mwisho wa safari. Usiichane wala usiitupe. Kama kusoma kunakupa shida, mpe mtu unayemwamini akusomee mara mbili. Tafuta mambo mawili: sababu ya kukataliwa na tarehe ya barua.

Sababu ndiyo inayokuonyesha la kufanya. Wakisema hakuna uthibitisho kwamba uliumia kazini, tafuta mashahidi na cheti cha siku ya kwanza. Wakisema ulemavu ni mdogo, rudi kwa daktari, mweleze kazi ambazo huwezi tena kuzifanya, na umwombe taarifa kamili.

Kisha andika kuomba uamuzi uangaliwe upya. Taja jina lako, namba ya dai, jambo unalolipinga na sababu zako. Usitukane mtu. Baki na nakala. Usiporidhika bado, sheria inaruhusu rufaa, na shauri linaweza kufika Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi. Rufaa ina siku zake. Uliza siku hizo mara upatapo barua, usingoje msimu wa korosho uishe.

Asiyeajiriwa je?

Aliyeanguka akiangua nazi zake mwenyewe hahusiki na Mfuko huu. Aende kwa mtendaji wa kijiji na Afisa Maendeleo ya Jamii. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati mpaka ngazi ya kijiji. Pia halmashauri hutenga asilimia 2 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa watu wenye ulemavu.

Ndugu msomaji, mfupa hupona na kidonda hufunga. Baada ya hapo, cheti cha siku ya kwanza ndicho kitakachokusemea.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini ni muhimu kumweleza mhudumu kwamba uliumia kazini?
2. Barua ya kukataliwa ikija, ni mambo gani mawili ya kutafuta ndani yake?
3. Je, kijijini kwenu yuko mtu aliyeumia kazini ambaye miezi 12 haijapita? Mtamsaidiaje?