Msimbo wa DX: Kwa nini kamera huweza kudanganywa na kasha la filamu?

Ukilishika mkononi kasha la chuma la filamu ya milimita 35 na kuligeuza ubavuni, utaona miraba 12 iliyopangwa katika safu mbili, mingine ikiwa myeusi na mingine ikimetameta kama chuma kitupu. Wengi huidhania kuwa ni pambo la kiwandani. Kumbe ni agizo ambalo kamera hulisoma kabla ya picha ya kwanza kupigwa. Agizo hilo likipotoka, picha zote 36 zaweza kuharibika, na mpiga picha asijue lolote hadi siku filamu itakaposafishwa.

Kila filamu ina kasi yake, yaani wepesi wa kunasa mwanga, nayo huandikwa kwa nambari ya ISO. Filamu ya 200 huhitaji nusu ya mwanga unaohitajiwa na ile ya 100, na ya 400 huhitaji robo yake. Kipima mwanga kilichomo ndani ya kamera hakiwezi kukadiria muda wa kufungua lenzi pasipo kuijua nambari hiyo kwanza.

Zamani aliyeiambia kamera nambari hiyo alikuwa mpiga picha mwenyewe, kwa kuzungusha gurudumu dogo. Hivyo ndivyo walivyofanya kazi wapiga picha wa Wizara ya Habari ya Uganda. Negativu zao zipatazo 70,000 zilipatikana mwaka 2015 katika Shirika la Utangazaji la Uganda, UBC, na baadhi ya picha hizo, hasa za enzi ya Idi Amin, zilionyeshwa mwaka 2019 katika Jumba la Makumbusho la Uganda jijini Kampala. Aliyesahau kuzungusha gurudumu baada ya kubadili filamu alirudi ofisini na mkanda mzima wa giza, hata kama alikuwa ametoka kumpiga picha rais.

Kampuni ya Kodak ilikusudia kuliondoa kosa hilo ilipoleta msimbo wa DX mwaka 1983. Miraba inayong'aa hupitisha umeme, na iliyopakwa rangi huuzuia. Ndani ya kamera, mahali kasha linapokaa, mna vijiti vidogo vya chuma vinavyoigusa miraba hiyo na kutambua ipi inapitisha umeme na ipi haipitishi. Mraba wa kwanza wa kila safu huwa ni wa kukamilisha njia ya umeme tu. Mitano inayobaki katika safu ya kwanza hutaja kasi, kuanzia ISO 25 hadi 5000, jumla ya ngazi 24. Katika safu ya pili, mitatu hutaja idadi ya picha, na miwili ya mwisho hueleza ni kwa kiasi gani filamu huvumilia kosa la mwanga.

Hata hivyo, si kamera zote zilizojaliwa kusoma ujumbe wote. Kamera nyingi ndogo za bei nafuu zina vijiti viwili au vitatu tu, na baadhi yake hutofautisha ISO 100 na 400 pekee. Zile zisizokuta msimbo wowote hujiamulia zenyewe, mara nyingi zikishika 100.

Hapa ndipo penye hatari kwa kijana wa Kampala aliyerithi kamera ya aina hiyo kutoka kwa mzazi wake. Filamu mpya ni ghali, na baadhi ya wauzaji mitandaoni hukata filamu ndefu za sinema na kuzijaza katika makasha yaliyokwisha kutumika. Kasha hubaki na msimbo wake wa awali. Filamu ya 400 ikiwekwa katika kasha la 100, itapata mwanga mara nne ya unaostahili, na negativu ya rangi kwa kawaida huvumilia hilo. Kinyume chake ni msiba: filamu ya 100 katika kasha la 400 hupata robo tu ya mwanga, na mahali penye kivuli hapanaswi kitu. Fundi wa maabara hawezi kurudisha kisichokuwamo katika filamu.

Lakini msimbo huohuo unaweza kumtumikia mwenye kuujua. Chukua mfano wa kwanjula, sherehe ya Baganda ambayo familia ya bwana harusi hujitambulisha ukweni. Wanaume waliovaa kanzu nyeupe wakijaa mbele ya lenzi, kipima mwanga hudhani kwamba mahali hapo pana mwanga mwingi kuliko ulivyo, hivyo kamera hupunguza mwanga unaoingia. Kanzu hutoka za kijivu, na nyuso za watu weusi huzama gizani. Kwa maoni yangu, picha nyingi za harusi zilizolaumiwa kwa uhafifu wa filamu zilikuwa na tatizo hili tu.

Kamera yenye kitufe cha kurekebisha mwanga hulitatua kwa sekunde moja. Isiyo nacho, kasha lenyewe linaweza kubadilishwa maneno: mraba unaong'aa ukifunikwa kwa kipande cha utepe wa gundi huacha kupitisha umeme, na mweusi ukikwanguliwa rangi kwa ncha ya kisu huanza kupitisha. Kwa njia hiyo filamu ya 400 hujitambulisha kama ya 200, na kila picha hupata mwanga maradufu. Lakini kamera iwe na vijiti vinavyoisoma miraba uliyoibadilisha, la sivyo kazi ni bure. Hesabu vijiti kabla ya kutia kasha ndani.

Filamu pana za aina ya 120 hazihusiki na haya yote. Huviringishwa kwa karatasi badala ya kasha la chuma, na msimbo huu haukuwekwa kwazo.