Muungwana wa Pwani, Mngwana wa Kasongo

Anayehariri habari za Maniema, mashariki mwa Kongo, za karne ya 19 atakutana na Wangwana mara kwa mara, na mkono utamwasha alisahihishe neno liwe waungwana, kana kwamba limepungukiwa na herufi tu. Asilisahihishe. Maneno haya ni ya shina moja, lakini yaliachana katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji, ikapita Kabambare mpaka Kasongo.

Pwani, muungwana alijulikana kwa nasaba. Kule Lamu waungwana ndio waliokuwa wenye majumba ya mawe, na kinyume cha muungwana ni mtumwa. Mtumwa aliyeachwa huru alipata uhuru wake, ila uungwana hakuupata, kwani huo ulitaka mababu. Zanzibar ilipofuta utumwa kisheria mwaka 1897, maana ya nasaba ikaanza kufifia, ile ya adabu ikashika nafasi. Leo mchezaji akitoa mpira nje ili mpinzani aliyeumia atibiwe, mtangazaji atasema amecheza kiungwana, wala hamuulizi ukoo wake.

Maniema mambo yalikwenda vingine. Hamed bin Muhammad el-Murjebi, yaani mfanyabiashara Tippu Tip, alipofanya Kasongo makao yake katika miaka ya 1870, Waarabu wenyewe walikuwa wachache. Waliobeba mizigo, wakalinda vituo na kulima mpunga walikuwa watu wa Pwani, Wanyamwezi na vijana wa palepale, wengi wao mateka. Kijana wa namna hiyo akivaa kanzu, akishika bunduki, akisema Kiswahili na pengine kusilimu, basi amekwisha kuwa mngwana. Bwana wake aliweza kumhesabu mtumwa, huku wanakijiji wanamwogopa kama mngwana. Kwa mzee wa Lamu huo ni upuuzi mtupu. Kasongo yalikuwa maisha ya kila siku. Kwangu hili ndilo lenye uzito kuliko yote: uungwana wa Pwani ulirithiwa, ungwana wa Maniema uliingiwa, na aliyeuingia aliweza kuwa mtoto wa yeyote.

Majeshi ya Francis Dhanis, afisa wa Kibelgiji wa Dola Huru ya Kongo, yaliteka Kasongo Aprili 1893. Utawala wa mabwana wale ukavunjika, lakini jina halikuondoka nao. Lilibaki kwa Waislamu wa Maniema, likazaa na jina la lugha, Kingwana, ambalo mmisionari John Whitehead alilichapishia kitabu cha sarufi mwaka 1928. Hili la lugha linataka uangalifu zaidi. Enzi ya Wabelgiji lilitumika mara nyingi kumaanisha Kiswahili kilichoharibika, na wapo wasemaji wanaosikia dharau hiyo hadi leo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 imetaja Kiswahili, si Kingwana, kati ya lugha nne za taifa.

Kwa hiyo mimi huandika waungwana kwa herufi ndogo palipo na nasaba au tabia njema, na Wangwana kwa herufi kubwa, kama niandikavyo jina la kabila, mfano Wakusu, ninapowataja watu hawa wa Maniema.