Nakolepsia: Ndoto Inapovuka Mpaka

Nakolepsia ni maradhi ya ubongo yanayomfanya mtu ashikwe na usingizi mchana hata kama usiku alilala vya kutosha, na pengine hakuna maradhi ya usingizi yanayodhaniwa uvivu kwa urahisi zaidi. Jina hilo lilitolewa mwaka 1880 na daktari Mfaransa, Jean-Baptiste-Édouard Gélineau, alipoeleza habari za mfanyabiashara wa mapipa ya mvinyo ambaye, mbali ya kusinzia mara nyingi kwa siku, aliishiwa nguvu za miguu kila alipocheka sana, na mezani, akigawiwa karata nzuri, mkono ulimganda asiweze kuziokota.

Kuishiwa nguvu huko, ambako leo huitwa kataplesia, ndiko kunakofichua siri ya maradhi yenyewe. Mtu anapoota, ubongo huilegeza karibu misuli yake yote, isipokuwa ya macho na ya kupumulia, ili asiinuke akatenda anayoyaona ndotoni. Na kwa kawaida usingizi huo wa ndoto huja baada ya saa moja au moja na nusu ya kulala. Kwa mwenye nakolepsia huweza kuja ndani ya dakika 15, tena vipande vyake huchomoza akiwa macho: kicheko kikamwangusha ilhali akili i timamu na anasikia kila neno, au jinamizi likamkaba alfajiri, akaona watu chumbani asiweze kunyanyua hata kidole. (Jinamizi peke yake si dalili ya kutosha, kwani huwapata hata wazima.)

Chanzo kilianza kubainika baada ya mwaka 1998, ilipogunduliwa oreksini, kemikali inayotengenezwa na seli chache za haipothalamasi, sehemu ndogo iliyo chini ya ubongo, na ambayo humweka mtu macho bila kuyumba. Wagonjwa wenye kataplesia karibu wote wamepoteza seli hizo, na inadhaniwa kinga ya mwili yenyewe ndiyo inayoziua.

Daktari makini huanza kwa kuuliza kuhusu kukoroma, kwa sababu kukatika kwa pumzi usingizini huwapata watu wengi zaidi na huwasinzisha mchana vilevile. Hilo likiondolewa, mgonjwa hulala maabara usiku mmoja akiwa amebandikwa waya kichwani, na kesho yake hupewa nafasi 4 au 5 za kulala, zikipishana kwa saa 2. Akipitiwa na usingizi kwa wastani wa dakika 8 au chini yake, na usingizi wa ndoto ukawahi kuja angalau mara 2, shaka hubaki ndogo. Seli zilizokufa hazirudi, hivyo tiba ni ya kupunguza makali: modafinili ya kumweka macho, dawa nyingine za kuzuia kataplesia, na usingizi mfupi wa dakika 15 hadi 20 uliopangiwa saa yake, ambao humwacha mgonjwa akiwa mchangamfu kwa muda.