Brusela: Kwa Nini Mfugaji Anajua Lakini Hatendi?

Ndugu wanavikundi, ng'ombe wa gredi akitupa mimba huku kwetu Kisii na Nyamira, neno la kwanza ni jicho la jirani. La pili ni kwamba alipigwa tumboni. Brusela hutajwa mwisho, au haitajwi kabisa.

Bakteria wa brusela hukaa katika mimba iliyotoka, kondo la nyuma na maji yake, na pia katika maziwa. Mtu akiambukizwa hushikwa na homa inayokuja na kurudi, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Wengi humeza dawa za malaria bure, kumbe matibabu yenyewe ni dawa mbili pamoja kwa wiki 6 hivi.

Sisi tulidhani kazi ni kufundisha tu. Akina mama waliandika, wakarudi nyumbani, na hakuna kilichobadilika. Tulipouliza bila kulaumu ndipo tukaelewa. Mama ndiye anayekamua na kusafisha zizi, lakini kumwita daktari wa mifugo ni uamuzi wa baba. Na ng'ombe ni mmoja tu! Akipatikana na ugonjwa, inabidi aondolewe, na ni nani atakayelipa hiyo hasara? Karo itatoka wapi? "Afadhali nisijue," mzee mmoja wa Keroka alituambia, na kusema kweli hatukuwa na jibu.

Tena kuna jirani. Wewe upime wako, yeye anunue mtamba sokoni bila kumpima, na wote wafungwe kwenye nyasi za barabara ile ile. Pesa zako zimekwenda. Ndiyo sababu mtu mmoja husita, lakini kikundi kikikubaliana wengi huitikia. Ndama jike huchanjwa akiwa na miezi 3 hadi 8, na daktari akiitwa na watu kumi, nauli yake hugawanyika.

Kuhusu amabere amaruranu, watu husema uchachu huua vijidudu. Uchachu peke yake hautoshi. Chemsha kwanza, yapoe, ndipo utie kibuyuni na mtindi kidogo wa jana. Wazee watalalamikia ladha. Walalamike.

Mimba iliyotoka isishikwe kwa mikono mitupu wala kuachiwa mbwa. Izikwe shimo refu. Kikundi kimoja cha Nyamira kilianza kwa kuchanga shilingi kumi kila mkutano, wakanunua glavu. Zinakaa kwa mweka hazina, na hata usiku wa manane unaruhusiwa kubisha hodi.